Kiti cha Nane

3 Februari

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Hapa shuleni sote tu wazima, ukiacha mafua ambayo huanzia kwa mwalimu wa jiografia kisha hutuzungukia kwa zamu kama daftari la mahudhurio. Chumba changu bado kinavuja pembe moja, na kitanda nimekihamishia pembe nyingine. Msalimie mke wako na umwambie sweta inanitosha.

Nina shida, na ni shida ya kazi. Mwezi wa sita kuna mashindano ya hesabu kati ya shule zote za huku. Mimi kwa kuwa mwalimu mgeni nimepewa kutunga swali la mwisho, lile linalotakiwa kuwa gumu kweli. Nimeshatunga manne. Mkuu wa idara yetu, ambaye wanafunzi humwita Bwana Desimali, ameyarudisha yote na wino mwekundu: "Rahisi. Ongeza desimali." Kwake yeye swali gumu ni lile linalomaliza karatasi. Mimi nasema kuchosha ni kitu kingine na ugumu ni kitu kingine, lakini kila nikijaribu kumweleza tofauti naishia kukohoa.

Nikakumbuka nilipokuwa mdogo ulikuwa ukinipa maswali ya viti na meza pale stoo kwako, nalala nayo, naamka nayo. Nipe moja.

Bibi anatimiza miaka themanini mwezi huohuo wa sita. Mama ameniandikia kurasa mbili kuhusu sherehe na hakukutaja. Wewe uliniandikia kurasa tatu wakati wa mwaka mpya na hukumtaja. Sisemi kitu. Nasema nimeona tu.

Mpwa wako

20 Februari

Mpwa wangu msomi,

Marahaba, marahaba tena. Sisi wazima. Mke wangu mzima na anasema kama sweta inakutosha basi umekonda, kwa sababu aliifuma kubwa. Biashara ya viti imesimama imara kwa miguu minne. Watu wa mtaa wananiita Mwenyekiti kama unavyojua, na tofauti yangu na wenyeviti wengine ni kwamba mimi viti vyangu naviazima watu wakalie.

Samahani kwa kuchelewa. Posta ya hapa karibu ina karani mmoja dirishani ambaye sipendi ashike bahasha zangu, kwa hiyo huwa napeleka barua posta ya mbali, kule nyuma ya gereji. Ni mwendo, lakini mtu aliyeendesha lori nchi tano haogopi mwendo.

Sasa hesabu. Umekuja mahali penyewe. Wewe unajua kwamba mimi shule niliacha kwa sababu hesabu ziliisha. Mwalimu aliniangalia, akafunga kitabu, akasema hana nyingine ya kunipa. Nikaingia barabarani.

Huyo Bwana Desimali mwambie hivi: kubeba viti mia tatu kutoka kwenye gari ni kazi ya kuchosha, lakini si ngumu. Kigumu ni kutoa sofa nyumbani kwa shangazi yako. Ile sofa ilipita mlangoni kuingia, mashahidi wapo, lakini siku ya kuitoa ilikataa kabisa. Tuliigeuza, tukaisimamisha, tukailaza ubavu. Kila mara inabaki kama upana wa kiganja tu. Hapo ndipo ugumu ulipo, mwanangu. Swali gumu hukuonyesha kiganja kimoja kila unapotaka kukata tamaa.

Na swali lako hili hapa, bure. Bibi yako ametoa amri. Mahema na wageni niweke ninavyotaka, ila yeye anataka meza moja ya duara, viti saba, ya watu wake mwenyewe, ili asimgeuzie mtu mgongo. Hapo watakaa yeye, wewe, na baba yako, ambao mnakaa na mtu yeyote. Kisha kuna wale watatu: mama yako, shangazi yako, na mjomba wangu Fundi Saa, mdogo wake Bibi. Hao watatu hawawezi kukaa bega kwa bega. Mama yako na wifi yake walishona mapazia ya rangi moja na kila mmoja anasema alianza yeye. Fundi Saa aliitengeneza saa ya shangazi yako ikarudi inakwenda kinyumenyume, na akadai malipo. Na huyohuyo Fundi Saa siku ya harusi ya mama yako alipanda kwenye kiti katikati ya nasaha kurekebisha saa ya ukutani.

Wapange. Mimi nimeshapata jibu, nililipata jana nikinyoa ndevu, ila sikupi ili usilemae.

Mjomba wako,
Mwenyekiti

2 Machi

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Mafua sasa yako kwa mwalimu wa muziki, na kwaya inaimba peke yake. Asante sana kwa sofa. Nimeiiba, nimemsimulia Bwana Desimali, na kwa mara ya kwanza aliweka chini kalamu nyekundu. Kisha akauliza vipimo vya sofa.

Lakini swali la meza nimelimaliza kabla chai haijapoa. Wagomvi watatu, watu wa amani watatu. Mgomvi, mwenye amani, mgomvi, mwenye amani, hivyo mpaka duara linafunga. Halina hata kiganja cha kubakia.

Ila kuna kitu kimenisumbua. Umesema viti saba, na watu uliowataja ni sita. Wa saba ni nani?

Mjomba, mimi nilikuwepo siku ya mahafali yangu. Ulisimama ukatoa hotuba kwamba hesabu zangu zote nilizipata kwako. Mama akasema kutoka kitini, na watu wote wakasikia, "Wewe? Wewe kugawanya kulikuwa kunakuliza." Watu wakacheka. Nawe ukaanza kukusanya viti vyako, wageni wakiwa bado juu yake. Mchungaji alimaliza chakula akiwa amesimama kaegemea friji. Tangu siku hiyo wewe humwambii Mama kitu, naye hakuambii kitu, na mnaishi mitaa miwili tu mbali.

Na huyo karani wa posta dirishani ni mama yangu. Ungeweza kusema hivyo tu.

Wa saba ni nani?

Mpwa wako

14 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba. Najua nimechelewa. Posta ya nyuma ya gereji walikosa stempu, kisha wakapata stempu wakakosa gundi, kisha mvua. Mke wangu hajambo. Paka kazaa ndani ya hema la wageni mia na sasa siwezi kulikodisha. Nimenunua toroli jipya, lina matairi ya mpira, linakwenda kimya kabisa hadi watu wanashtuka. Yule jirani mwenye pikipiki ameuza pikipiki. Baraza la mtaa limepaka rangi nguzo zote. Kuhusu hali ya hewa nitakuandikia barua nyingine.

Nikirudi kwenye swali lako. Siku ya mahafali viti vilikuwa vimefika muda wake wa kurudi stoo. Biashara ni biashara. Kama wageni wengine walikuwa juu yake, hilo ni suala la wageni.

Wa saba ni mfanyabiashara mmoja mashuhuri wa viti na mahema. Nilikusudia asimame, ahudumie, azungukezunguke na birika. Lakini nilipomwendea Bibi pale kwenu (huwa naenda asubuhi, watu fulani wakiwa kazini) aliniambia, "Nimezaa wawili tu. Siwezi kuwa na mmoja mezani na mmoja kwenye birika. Kama hukai, usilete hata meza, nitakula chumbani." Na Bibi yako akisema hivyo hatanii. Mwaka ule wa redio alikula chumbani mpaka redio ikarudishwa.

Kwa hiyo nakaa. Lakini huyo mfanyabiashara hakai karibu na karani. Hakai pia karibu na shangazi yako, kwa sababu ya mikwaruzo ya sofa, wala karibu na Fundi Saa, ambaye anasema mahema yangu hufika baada ya mvua.

Usiogope, nimeshapata suluhisho. Nitapitisha mlingoti wa hema katikati ya viti viwili. Huku karani, huku mimi, katikati mlingoti. Safi, wa chuma, umepakwa rangi. Nimemwonyesha Bibi kwa mchoro. Ameniuliza kama mlingoti nao aliuzaa yeye.

Endelea kufikiri, na mimi naendelea. Mimi niko mbele kidogo.

Mwenyekiti

25 Aprili

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Mpe paka pongezi zangu.

Sasa limekuwa swali. Nimekaa nalo wiki nzima. Nimechora meza kwenye daftari, kwenye bahasha, kwenye vumbi la kabati. Kila nikipanga, watu sita wanakaa vizuri, wanapendeza, na wa saba anabaki na sahani mkononi akitafuta pa kukaa. Kile kiganja chako cha sofa kabisa. Nilimpa Bwana Desimali akasema si hesabu, halina namba. Kesho yake nilimkuta mezani kwake kapanga vifutio saba kwa duara. Aliponiona akaviangusha kwenye droo.

Kisha jana nikifua nikaona kosa langu. Nilikuwa natafuta jibu kwa sababu sofa ilinidanganya. Sofa iliingia, kwa hiyo njia ya kutoka ipo, ni suala la uvumilivu. Lakini hii meza haijawahi kukaliwa. Hakuna aliyetuahidi kwamba jibu lipo. Na nadhani hapo ndipo swali linapokuwa gumu kweli: unapokuwa hujui kama wewe ndiye mzembe au ni jibu ndilo halipo, na vyote viwili vinauma sawasawa.

Jibu halipo, Mjomba. Sikiliza. Wagomvi ni wanne sasa. Ukizunguka meza, kati ya kila mgomvi na mgomvi anayemfuata lazima awepo mtu wa amani. Wanne kwenye duara wana nafasi nne katikati yao. Watu wa amani ni Bibi, Baba, na mimi. Tuko watatu. Hata uwapange mpaka mwaka kesho, nafasi moja itabaki wazi, na hapo wagomvi wawili watagusana viwiko.

Lakini ugomvi mmoja tu ukiisha, meza inakaa. Mmoja tu, wowote. Nafasi zinakuwa tatu, na sisi tuko watatu.

Sijasema ugomvi gani.

Mpwa wako

9 Mei

Mpwa wangu msomi,

Marahaba. Wazima. Nilisoma barua yako nikiwa nimesimama, nikaisoma nimekaa, nikazungusha vifuniko vya chupa juu ya meza, na naona umekaribia sana pale nilipokuwa nimefika mimi wakati ule nanyoa ndevu. Hongera.

Umesema ugomvi mmoja, wowote. Nikachagua wa shangazi yako na Fundi Saa. Nilijiambia, mtu aliyepatanisha madereva wawili waliogongana kwenye daraja la njia moja, wote wakidai wana haki, atashindwa na saa ya ukutani?

Nikamchukua Fundi Saa kwa toroli (miguu inamsumbua) mpaka kwa shangazi yako. Shangazi yako akafungua, akamwona kapakiwa kwenye toroli, akasema, "Umemleta, au umeleta takataka?" Nikasema amekuja kwa amani. Fundi Saa akasema amekuja kwa malipo yake. Shangazi yako akaileta saa. Bado inakwenda kinyumenyume, mwanangu, kwa uaminifu mkubwa. Fundi Saa akaitazama kwa muda akasema saa ni nzima, ni nyumba iliyotundikwa vibaya. Hapo shangazi yako akaanza na yeye, akahamia kwangu na sofa, akaingia kwenye mahema, akamalizia na mapazia ingawa mama yako hakuwepo. Tuliondoka mbio, na hapo ndipo nilipojua faida ya lile toroli kutokuwa na kelele. Fundi Saa alidhani bado tumesimama, akaendelea kujibu mpaka kona ya pili.

Kwa hiyo huo ugomvi ni mzima wa afya. Wa mapazia siuwezi, mimi mwanaume sijui rangi.

Najua unachofikiri. Usifikiri hicho. Mtu aliyechekwa mbele ya mchungaji na mwalimu mkuu na mpiga picha hawezi kuwa wa kwanza kunyanyua mguu. Na huyo mwingine naye najua atasema aliachiwa wageni mikono imejaa sahani na hakuna pa kukaa hata mama yake. Wote wawili wana haki, na daraja ni la njia moja.

Ila tulia. Nina mpango mwingine. Ni wa kitaalamu, siuandiki hapa, posta zina masikio.

Mwenyekiti

30 Mei

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Barua hii ni mbaya, naiandika haraka nisije nikaipamba.

Mashindano yamesogezwa. Yamekuwa Jumamosi ileile ya Bibi. Nimeomba ruhusa, mkuu wa shule amesema mtunga swali lazima awepo, wanafunzi wakilalamika nani atajibu? Sitafika. Nimemwandikia Bibi pia, na barua hiyo ilinichukua muda kuliko swali lolote nililowahi kutunga.

Swali lililopitishwa ni la meza yetu. Bwana Desimali alilipigania mwenyewe kwenye kikao. Alisema swali hili limemnyima usingizi na yeye halali hovyo. Alijaribu tu kuongeza nusu mtu, nikakataa.

Lakini sasa huko nyumbani watu wa amani mmebaki na wawili. Najua ninavyosema ni hesabu tu, na najua si hesabu tu. Bibi ana miaka themanini, Mjomba. Sitaki ale chumbani.

Mpwa wako

6 Juni

Mwanangu,

Marahaba.

Nimempelekea Bibi habari. Alikuwa ameshasoma barua yako, kaiweka chini ya mto. Amesema kiti chako kitakuwepo hivyohivyo, na sahani yako, na kitambaa, na hakuna mtu kukikalia. Kwa hiyo kiti chako ni mtu wa amani. Tuko palepale tulipokuwa.

Nilipokuwa natoka mlangoni nilikutana na mtu akirudi kutoka kazini mapema. Tulisimama. Mlango ule ni mwembamba. Yeye akapisha kushoto, mimi nikapisha kushoto kwangu ambako ni kulekule, kisha wote kulia. Mwishowe nikatokea jikoni.

Sina zaidi leo.

Mjomba

22 Juni

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Tangu Jumamosi naenda getini kila mtu wa posta anapopita. Mama ameniandikia mstari mmoja: "Sherehe ilikuwa nzuri, tulikula." Tulikula nani? Wapi? Mezani au chumbani?

Ya kwangu nakupa yote. Wasichana na wavulana waliingia ukumbini wakacheka walipolisoma swali la mwisho, kwa sababu halina hata namba ya kuogopwa. Baadaye kicheko kikaisha. Walichora meza mpaka karatasi zikatoboka. Mmoja aliwaketisha wagomvi chini ya meza. Mwingine aliandika kwamba shangazi asialikwe. Wengi walijaza viti sita vizuri, na kwenye cha saba wakaandika jina kwa herufi ndogo, wakitumaini hatutaangalia.

Kisha kuna msichana mmoja wa shule ya ng'ambo ya mto. Hakuchora kitu. Alikaa, akatazama dirishani, nikadhani amekata tamaa. Karibu na kengele akaandika mstari mmoja: "Nafasi ni nne, wapatanishi ni watatu, haiwezekani. Wawili wapatane, kisha njooni mle."

Bwana Desimali alikisoma kile kikaratasi akatoa miwani akaifuta. Akasema ana mafua.

Niambie, Mjomba. Nakuomba usiniambie habari za paka kwanza.

Mpwa wako

1 Julai

Mpwa wangu msomi,

Marahaba. Paka hajambo, na watoto wake wote wamepata nyumba, mmoja kwa shangazi yako. Nimeanza naye makusudi.

Tazama bahasha kabla hujaendelea. Uone muhuri.

Umeuona? Ni wa posta ya hapa karibu. Stempu nimeinunua dirishani, kwa karani mwenyewe, nikapanga foleni kama mwananchi. Akaniuliza, "Ya kawaida au ya haraka?" Nikamwambia ya kawaida, mpwa wangu ana subira. Akasema, "Hana," akaipiga muhuri mpaka kaunta ikalia. Ndiyo maana imekunjika pembeni.

Sasa Jumamosi. Ule mpango wangu wa kitaalamu ulikuwa huu: kiti cha nane. Wewe na wasomi wenzako mlihangaika na watu wa amani, mkasahau kwamba mjomba wenu ana stoo. Kama kiti chako kitupu kinaweza kuwa mtu wa amani, cha pili kinashindwa nini? Wagomvi wanne, Bibi, baba yako, kiti chako, na kiti cha nane. Nne kwa nne. Nilibana vile viti kwenye meza ile mpaka vikaingia. Uwanja mzima ulikuwa bado mtupu, jua linaingia kwenye hema, nikasimama nikajitazama kwenye kijiko, nikasema kichwa hiki kingesomeshwa kingeleta matatizo.

Akaja Bibi kashikwa mkono na baba yako. Kavaa lile gauni la kijivu. Akaizunguka meza, akagusa kila kiti kichwani kama watoto wa shule. Akafika cha nane.

"Hiki cha nani?"

Nikasema, "Cha wageni, Mama."

"Mgeni gani meza yangu?"

"Akitokea."

"Nani amekufa ambaye hamjaniambia?"

Basi baba yako, mtu ambaye miaka yote hii sijamsikia akipinga hata mvua, akakinyanyua kiti cha nane akakitoa nje, akakiweka karibu na jiko, mke wangu akakikalia.

Wakafika wengine. Na mwanangu, ikawa kama ulivyoandika. Kila mtu kasimama nyuma ya kiti, hakuna anayekaa. Shangazi yako anamwangalia Fundi Saa, Fundi Saa anaangalia saa yake ya mkononi, ambayo najua haitembei. Wageni kwenye mahema wameshaanza kugeuza shingo. Mchungaji yupo. Mwalimu mkuu yupo. Hata mpiga picha ni yuleyule. Bibi kakaa peke yake, mikono mapajani, kiti cha pili kutoka kwake ni kile chako na sahani, anatutazama mmoja mmoja. Nikaona anaanza kutafuta fimbo yake. Chumba hakiko mbali na pale.

Nilikuwa nakaribia kusogea. Nataka hilo lieleweke. Mguu wangu ulikuwa umeshaanza.

Mama yako akakaa. Kisha akanyoosha mguu chini ya meza, akakivuta kiti cha pembeni yake kwa kiatu. Hakuniangalia. Alikivuta tu, kama mtu anayefungua dirisha kwa sababu ya joto.

Nikakaa.

Vingine vyote vikajipanga vyenyewe, sijui namna gani. Mimi na mama yako, kisha Bibi upande wangu, kisha shangazi yako, kisha kiti chako, kisha Fundi Saa, kisha baba yako, na duara likafunga. Nilihesabu mara mbili. Kiti chako kilifanya kazi kubwa sana katikati ya wale wawili. Kuna wakati kijiko kilirushwa kikaangukia sahani yako.

Kisha mama yako akasema mbele yake, kama anaongea na chumvi, "Viti vyako bado vinafinya."

Nikasema, "Vinafinya waliojaa."

"Leo unavichukua saa ngapi?"

"Watu wakimaliza kula."

"Wakimaliza wote?"

"Wote. Na mchungaji."

Akasema, "Mm." Akanisogezea chai.

Ningeishia hapa, lakini wewe ni mwalimu na kuna sehemu ya hesabu. Ikaletwa keki. Ya duara. Bibi akachukua kisu akanipa mimi. "Gawanya," akasema. "Saba. Na cha mtoto kiwekwe."

Mwanangu, mahema yote yaligeuka kunitazama. Wale wote wa mahafali walikumbuka, niliona kwenye nyuso zao. Mpiga picha akanyanyua kamera. Na wewe jaribu siku moja kugawanya duara mara saba kwa kisu cha kukodi. Sikukwama. Nilikuwa natafakari. Kisu kilikuwa juu ya keki nami natafakari, jasho likija kwa sababu ya jua la hema, na hapo nikasikia sauti pembeni, ya chini sana, midomo haichezi.

"Nane. Kata nane."

Ile sauti naijua. Mimi na mama yako tulikaa dawati moja miaka mingi, na juu ya hilo sitasema zaidi.

Nikakata nusu. Nikakata nusu tena. Nikakata nusu za nusu. Vipande nane, sawasawa, kama vimetoka kiwandani. Shangazi yako, ambaye angekuwa hakimu angefunga watu, akasema, "Bibi kasema saba. Cha nane cha nani?"

Na mama yako akasema kwa sauti ya dirishani, ile inayofika mpaka mwisho wa foleni, "Wataalamu ndivyo wanavyokata. Kinachobaki ni cha mkataji."

Watu wakapiga makofi. Mchungaji alisema amejifunza kitu. Mimi niliinama kidogo, kwa unyenyekevu.

Cha kwako Bibi kakifunga na kakiweka kabatini, atakulindia mpaka likizo, usitarajie kiwe laini. Cha nane tulikigombania, mimi na mama yako, baada ya wote kuondoka, tukiwa tunakunja viti. Yeye alishika miguu, mimi nikashika migongo. Mwishowe tukakubaliana kihesabu, ile njia uliyotufundisha ukiwa chuoni: mmoja anakata, mwingine anachagua, na hakuna wa kupunjwa. Akakata yeye. Nikachagua mimi. Na bado kikubwa kilibaki kwake.

Mpe Bwana Desimali hilo, kama anataka swali gumu.

Mjomba wako,
Mwenyekiti